Pua na Jenereta ya Shangazi

Kila asubuhi, kabla hata ya kunawa uso, Pua alinusa. Alinusa blanketi, akanusa kikombe chake cha chai, akanusa kitambaa cha kufutia vyombo, na mara nyingi alikunja uso akasema, "Aka! Hiki sikigusi." Shuleni alikuwa na jina lake zuri tu, lakini nyumbani hakuna aliyelitumia. Walimwita Pua tangu siku aliposusa maziwa kwa bibi yake akidai kikombe kinanuka samaki. Watu walicheka mpaka walipogundua kuwa kweli kikombe kile kilifunikwa kwa sahani ya samaki. Tangu siku hiyo binti huyo aliiamini pua yake kuliko alivyowaamini watu, na sasa, akiwa na miaka kumi na miwili, kinyaa chake kilikuwa kimempita kimo.

Likizo hiyo aliipitisha kwa shangazi yake. Shangazi alikuwa fundi miwani, na nyumba yake ilikuwa na magurudumu. Lilikuwa lori dogo la zamani lililojengewa chumba cha mbao na bati mgongoni, na watu waliliita gari-nyumba. Ndani yake mlikuwa na vitanda, sinki, kabati, choo cha kukalia magoti yakiwa yamebanwa na mlango, na meza ya kazi yenye mashine ya kusagia lenzi. Shangazi alilipeleka gari hilo mji hadi mji, akawapima watu macho, akawachongea lenzi na kuzitia kwenye fremu. Alikuwa na mkono mtulivu ajabu. Angeweza kukaza skrubu ndogo kuliko punje ya mtama huku akikugombeza, na skrubu isiteleze.

Alisafiri na mwanawe wa miaka minne, ambaye kila mtu alimwita Kasuku. Jina lilimfaa. Lolote alilolisikia alilirudia. Ukisema "Nipishe," naye alisema "Nipishe." Ukipiga chafya, naye alipiga, tena kwa nguvu kukushinda. Kutwa nzima gari lilijaa sauti yake, na Shangazi alipenda kusema kuwa yeye hahitaji redio.

Siku hizo gari-nyumba lilikuwa limeegeshwa kwenye uwanja nyuma ya soko. Na uwanja wenyewe, tusifichane, ulikuwa unatia kichefuchefu. Pembeni mwake ulipita mtaro ambao haukuwa umezibuliwa sijui tangu lini. Maji yake yalikuwa meusi na mazito, hayaendi mbele wala nyuma, yamejaa nyanya zilizooza, matumbo ya samaki, nepi na maganda yenye ukungu wa kijani. Juu yake lilielea povu, na juu ya povu walikaa nzi wanene. Halafu watu wazima, wenye akili zao timamu, walikuja na ndoo, wakamwaga uchafu mwingine humo humo, wakageuka kwenda kununua mboga hatua chache kutoka hapo. Pua aliwatazama akatamani kuwauliza kama pua zao zinanusa au zimepachikwa tu.

Uwanjani hapakuwa na umeme. Shangazi alitumia jenereta ndogo ya petroli, ya kubebwa kwa mkono. Ilikohoa kabla ya kuwaka, ilivuja mafuta kidogo, na mpini wake ulikuwa na utando wa grisi usiotoka hata kwa sabuni. Kazi ya kuipeleka mahali pake na kuiwasha alipewa Pua, na hakuna kazi aliyoichukia kama hiyo. Baada ya kuishika alinawa, akanusa vidole, akanawa tena, na bado alisikia petroli.

Jenereta hiyo ilikuwa na utaratibu wake. Ilitakiwa kubebwa hadi waya mrefu wa manjano ufike mwisho. Hapo ilichomekwa fimbo yenye utepe mwekundu, ili ionekane upepo unavuma kuelekea wapi, na bomba la moshi ligeuzwe upande huo. Kama mvua ilinyesha, jenereta iliwekewa kipaa chake cha bati chenye miguu minne, kilicho wazi pande zote. Kisha Shangazi alisimama mlangoni akauliza kwa sauti, "Upepo?" Naye mwenye jenereta alijibu, "Unakwenda zake!" Bila jibu hilo Shangazi hakuchomeka hata taa.

"Kwani lazima iwe mbali hivyo, Shangazi?" Pua aliwahi kuuliza.

Shangazi alikuwa amebana skrubu kwa meno. "Moshi ule haufai, mwanangu," alijibu. "Wewe ipeleke mbali, basi."

Pua akaelewa anavyojua yeye. Alidhani haufai kwa sababu unanuka, na kwamba jenereta hupelekwa mbali kwa ajili ya harufu na kelele. Tatizo ni kwamba katika uwanja ule, kwa jinsi gari lilivyoegeshwa, waya wa manjano ulifikia mwisho kwenye ukingo wa mtaro, pale pale penye nzi.

Basi siku moja mchana mawingu yakajikusanya. Shangazi alikuwa na kazi ya haraka, miwani ya wanafunzi wa shule ya jirani, ambao kesho yake walikuwa na mtihani. Wengine wao walikuwa hawaoni ubaoni hata wakikaa dawati la mbele. Alikuwa ameahidi kuwakabidhi asubuhi, na Shangazi akiahidi hulala na njaa kuliko kuvunja ahadi.

Kwa kuwa hakuwa na nafasi ya kupika, alinunua chakula kwa Mama Sufuria. Huyu alikuwa mpishi aliyeuza wali na maharage chini ya mwavuli mkubwa kwenye kona ya uwanja. Sufuria yake ilikuwa kubwa kiasi kwamba Kasuku angeweza kuogea ndani. Alikuwa mama mnene mwenye mikono iliyojaa masizi, sauti nzito, na tabia moja iliyomchefua Pua. Alipotaka kuonja mchuzi, aliumwagia kiganjani, akaulamba, *slap!*, kisha akanawa mkono kwenye beseni na kuendelea na kazi. Pua aliona kule kulamba tu. Kunawa hakukuona, au hakutaka kukuona.

"Mimi sili," alisema, akaisukuma sahani.

"Shauri yako," alijibu Shangazi huku akitafuna.

"Shauri yako," alirudia Kasuku, mdomo umejaa maharage.

Pua akachukua biskuti zake, akaenda kukaa mbele kwenye kiti cha dereva, ambako angeweza kuona chumbani, akafungua dirisha kidogo ili asisikie harufu ya vitunguu.

Mvua ilianza na tone moja moja, kisha ikamwagika. "We Pua!" Shangazi aliita. "Jenereta kabla giza halijaingia humu! Nina lenzi nyingi za kusaga."

Pua alijifunika gunia la plastiki kichwani, akabeba ile takataka yenye grisi kwa mikono miwili na kipaa chake kwapani. Alipokaribia mtaro alisimama. Lo! Mtaro ulikuwa umefurika. Ule uji mweusi ulikuwa umepanda juu ya ukingo na kuanza kutambaa uwanjani, na mbele yake kabisa, ukigeuka geuka polepole, ulielea mzoga wa panya, tumbo limevimba, manyoya yamenyonyoka. Maji yale yakagusa ncha ya kandambili yake. Pua akaruka nyuma, akakaribia kutapika biskuti zote.

"Hapa siweki kitu," alijiambia. "Hata wanichinje."

Alirudi mbio. Chini ya gari-nyumba, upande wa nyuma, palikuwa pakavu na safi. Alikisukuma kitu kile huko chini, akaukunja waya uliobaki, na ili kelele zisimshitaki akazungushia jenereta katoni la fremu za miwani. Fimbo ya utepe aliitupa pembeni, na kipaa nacho hakikuwa na kazi tena. Akavuta kamba. Jenereta ikakohoa, ikawaka.

"Upepo?" Shangazi aliuliza kutoka ndani. Mvua ilikuwa inapiga bati kwa kishindo, hata sauti yake ilisikika kwa shida.

Pua aliitazama fimbo aliyoitupa. Kisha akajibu kwa sauti kubwa kuliko kawaida, "Unakwenda zake!"

"Unakwenda zake!" akarudia Kasuku dirishani. "Unakwenda zake! Unakwenda zake!"

"Nyamaza wewe," Pua alimkemea, na hakujua kwa nini amekasirika.

Walifunga madirisha ya chumbani na mlango kwa sababu ya mvua. Pua akarudi kwenye kiti chake cha mbele, karibu na ule upenyo wa dirisha. Shangazi akawasha mashine, ikaanza kulia *ziii, ziii*, na kati ya mlio huo na mvua hakuna aliyeweza kusikia kuwa jenereta inanguruma chini ya miguu yao.

Lenzi ya kwanza ikatoka nzuri, na zilizofuata pia. Baadaye Shangazi akasaga moja, akaipachika kwenye fremu, ikakataa. Akaitazama. Ilikuwa imesagwa upande. "Ebo!" alisema. "Hii nimeifanya mimi?" Akachukua nyingine, nayo ikaharibika. Pua alishangaa, maana hakuwahi kuuona mkono wa shangazi yake ukikosea.

"Kichwa kinanigonga," Shangazi alisema akijishika kipaji cha uso. "Labda ni hali ya hewa."

Kasuku alikuwa amepanda kitandani kwake, kile cha chini kabisa upande wa nyuma. Alilalamika kidogo kuwa anasikia usingizi. Baada ya hapo akatulia. Pua alifurahi kupata kimya, jambo ambalo baadaye alilikumbuka kwa aibu.

Kisha Kasuku akatapika. Alitapika kitandani, wali, maharage na vyote, na harufu ikajaa gari zima. Shangazi alijaribu kuinuka amfuate, akapepesuka, akaishika sinki, naye akatapika humo. Pua alijiziba pua kwa mikono yote miwili na machozi ya kinyaa yakamtoka. Ukweli usemwe, wakati huo hakumwonea huruma yeyote. Alijionea huruma mwenyewe.

"Tumekula nini sisi?" Shangazi alisema akihema. "Ni yale maharage. Wewe hukula, na wewe mzima. Ni yale maharage!"

Hapo Pua angeweza kunyamaza. Lakini alikuwa na hasira na harufu zote za dunia, na alitaka mtu wa kuzibeba. "Mimi nilikwambia, Shangazi," alisema. "Nilimwona kwa macho yangu. Alilamba mwiko akaurudisha kwenye sufuria."

Mwiko haukulambwa. Aliona mtu akionja kiganjani, basi. Lakini neno lilikwisha kumtoka, na Shangazi alikwisha kufungua mlango.

Mvua ilikuwa imepungua. Chini ya ule mwavuli walikaa wateja, wachukuzi wa sokoni na wauza nguo, kila mmoja na sahani yake. Shangazi alikwenda akiyumba, na sauti yake ikafika uwanja mzima. "Wewe mama! Umemlisha mwanangu uchafu! Unalamba mwiko unaurudisha chunguni, huoni haya?"

"Mimi?" Mama Sufuria aliweka upawa chini. "Dada, nani kasema maneno hayo?"

"Kaona Pua kwa macho yake! Mimi natapika, Kasuku anatapika!"

Mteja mmoja aliangalia sahani yake, akaisogeza. Mwingine akatema. Muda si mrefu sahani zilikuwa zimebaki juu ya benchi zikiwa nusu, na watu wanaondoka wakijifuta midomo na kusonya. Mama Sufuria alibaki katikati, akizikusanya sahani moja moja.

Ndani ya gari, Pua alikuwa ameachiwa kazi ya kusafisha. Alijifunga kitambaa usoni, akachukua tambara, akapiga magoti kando ya kitanda cha Kasuku. Akafuta sakafu kwa ncha za vidole, uso ameugeuza pembeni. Alipofika uvunguni, kitu kikamgusa mkononi. Kilikuwa hewa ya moto.

Akainama zaidi. Pale chini ya kitanda palikuwa na tundu la kupitishia waya wa umeme. Mpira wake wa kuzibia ulikuwa umetoka zamani, na hewa ya moto ilipanda kupitia tundu hilo, moja kwa moja hadi kwenye mto wa Kasuku. Chini ya tundu, *tu-tu-tu-tu*, jenereta ilikuwa inapumua ndani ya katoni lake. Pua alisikia kichwa kinamzunguka. Ndipo neno la Shangazi likamrudia, kwamba moshi ule haufai. Hakusema unanuka. Alisema haufai.

"Kasuku," aliita. "Kasuku, sema Pua."

Kasuku hakusema Pua. Hakusema kitu. Kichwa chake kilikuwa kimelala ndani ya matapishi yake na macho yalikuwa nusu wazi.

Pua hakukumbuka kinyaa. Alimkumbatia hivyo hivyo alivyo, akamburura hadi mlangoni, wakaanguka wote wawili kwenye matope. Akapiga yowe. Kisha akatambaa chini ya gari, akazima jenereta.

Mtu wa kwanza kufika alikuwa Mama Sufuria. Yule yule aliyetukanwa dakika ile ile mbele ya wateja wake. Hakuuliza. Alimwinua Kasuku begani na kushika njia ya kituo cha afya, kandambili zikichapa maji, na mtoto akamtapikia mgongoni tangu bega hadi kiunoni. Shangazi na Pua wakamfuata, Shangazi akikimbia na kusimama kujishika kichwa.

Muuguzi wa zamu alikuwa kijana mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimlaza Kasuku kitandani, akampima mapigo. "Amekula nini?"

"Wali na maharage," Shangazi alijibu, "ya huyu mama hapa. Na mimi nimekula, natapika."

Mama Sufuria alikuwa amesimama ukutani, ananuka matapishi, masizi na vitunguu.

"Basi ni chakula," muuguzi alisema, akaanza kuandaa dripu. "Tutamwongezea maji, tumwangalie."

Pua aliwatazama wote. Kama angenyamaza, hakuna ambaye angejua. Jenereta ilikwisha zimika, angeweza kuirudisha mtaroni jioni, na maharage yangebeba lawama hadi mwisho wa dunia. Lakini Kasuku alikuwa bado hasemi. Dawa ya maharage ingemsaidia nini? Pua alijisikia ananuka kuliko mtaro mzima, na uchafu huo haukuwa wa kunawa.

"Si chakula!" alisema kwa sauti iliyopasuka. "Ni jenereta. Niliiweka chini ya gari, kwenye tundu, chini ya kitanda chake. Madirisha yalifungwa. Nilikudanganya, Shangazi. Upepo sikuuangalia."

Muuguzi aliacha dripu. "Jenereta ya petroli? Ilikaa huko muda gani?"

"Tangu mvua ianze. Na ule mwiko..." Akageuka ukutani. "Mama, mwiko hukuulamba. Nilisema uongo."

Hakuna aliyepata nafasi ya kumjibu. Muuguzi alikwisha vuta mtungi wa oksijeni, akamvisha Kasuku barakoa yake, akaita mwenzake alete mtungi wa pili kwa ajili ya Shangazi. "Moshi wa injini una gesi ya sumu ndani yake," alisema mikono ikiwa kazini. "Inaingia kwenye damu na kuinyima hewa. Mtu anaumwa kichwa, anatapika, anasinzia, na usingizi huo wengine hawaamki. Umesema kwa wakati, binti. Ungengoja kidogo ungekuwa unatusimulia mazishi."

"Lakini mimi nanusa kila kitu," Pua alisema akilia. "Mbona sikuisikia?"

"Haina harufu. Ule moshi mwingine ndio unanuka, na pengine leo umenusa mengi mpaka hukuutofautisha. Gesi yenyewe hata mbwa haisikii."

Wakangoja. Shangazi alikaa kwenye kiti na barakoa usoni, mkono wake ukiwa juu ya mguu wa mwanawe. Mama Sufuria hakwenda nyumbani kubadili nguo. Alikaa kwenye benchi, nguo imemgandia mgongoni, akimpepea mtoto kwa kipande cha boksi ingawa hakukuwa na joto. Pua alikaa kando yake, hakusogea mbali.

Taa za wodi zilipowashwa, Kasuku alijigeuza. Akafumbua macho, akaitazama barakoa, akaitazama dari, kisha akasema kwa sauti ya kukwaruza, "Unakwenda zake."

Shangazi alicheka na kulia kwa pamoja. Muuguzi naye akacheka bila kujua maana yake. Pua peke yake ndiye hakucheka. Aliusikia uongo wake mwenyewe ukitoka kwenye kinywa cha mtoto aliyekaribia kufa kwa sababu yake, na hakuna harufu iliyowahi kumchukiza kiasi hicho.

Asubuhi waliruhusiwa kurudi. Shangazi hakuingia ndani ya gari lake. Alikwenda moja kwa moja chini ya mwavuli, akiwa bado na uchovu usoni, akasimama mbele ya wateja wachache waliokuwa wamejitokeza.

"Jana nilimtukana mama huyu mbele za watu," alisema kwa sauti ile ile ya jana. "Leo mbele za watu naomba radhi. Chakula chake hakikuwa na kosa. Moshi wa jenereta yangu ndio uliotudhuru, na yeye ndiye aliyembeba mwanangu. Nisamehe, dada yangu."

"Yamekwisha, dada," alijibu Mama Sufuria. Kisha akamgeukia Pua, na uso wake haukuwa wa mchezo. "Ya kwako hayajaisha. Wateja wangu walitema chakula changu kwa neno lako. Utakaa hapa na mimi. Kila aliyekuwapo jana akipita, utamwambia kwa mdomo huo huo."

"Ndiyo, Mama."

Basi Pua alikaa pale mpaka jua likawa la utosi. Aliwaambia wachukuzi, akawaambia wauza nguo. Wengine walimcheka, wengine walimsonya, na mzee mmoja alimwambia, "Kumbe ni wewe!" akamtazama kama kitu kilichotoka mtaroni. Pua alimeza yote. Katikati ya kazi hiyo, Mama Sufuria alichota mchuzi kwa upawa.

"Nyoosha kiganja," alisema.

Pua akanawa mkono kwenye beseni, akanyoosha. Mchuzi ukamwagika kiganjani, wa moto. Akaulamba.

"Chumvi?"

"Imepungua kidogo," Pua alinong'ona.

"Enhe! Kumbe ulimi unao." Mama Sufuria akaongeza chumvi, na kwa mara ya kwanza siku hiyo akatabasamu.

Mchana Shangazi alimaliza miwani iliyobaki akitumia umeme wa pale shuleni, maana mwalimu mkuu alipopata habari alikubali kuwapa wanafunzi mtihani wao siku iliyofuata. Aliporudi aliliziba lile tundu la sakafu kwa mpira mpya, akaubonyeza mpaka vidole vikamuuma. Kisha akamketisha Pua kwenye ngazi ya gari.

"Sehemu ya kosa ni yangu," alisema. "Tundu lile niliona limeachama nikasema nitaziba kesho. Na nilikupa amri bila kukupa sababu. Lakini sikiliza, mwanangu. Kinyaa si dhambi. Mtaro ule unanichefua hata mimi, na usafi ni afya. Kosa lako lilikuwa kudhani kwamba kinachonuka ndicho kinachodhuru, na kisichonuka ni salama. Unachokichukia, njoo uniambie, 'Shangazi, pale siwezi.' Tungelisogeza gari. Kulihamisha gari ni kazi ya kugeuza ufunguo tu! Lakini uliposema umefanya jambo ambalo hukulifanya, ulituacha sote tumelala juu ya sumu tukiamini tuko salama. Uongo ni hivyo. Anayedanganywa hasikii harufu yoyote."

Pua aliinamisha kichwa. "Sitarudia, Shangazi. Na tuhamishe gari."

Walilihamisha hadi upande wa pili wa uwanja, mbali na mtaro, na Shangazi akaenda ofisi ya soko kuwaeleza wakubwa maneno ambayo hayafai kuandikwa kwenye kitabu cha shule. Jioni Pua akabeba jenereta. Mpini ulikuwa na grisi ile ile, na petroli ilinuka vile vile. Akaenda mpaka waya wa manjano ukafika mwisho, akachomeka fimbo.

"Upepo?" Shangazi aliuliza mlangoni.

Kasuku alikuwa amesimama kando yake, mdomo wazi, tayari kurudia.

Pua aliutazama utepe mwekundu. Ulitulia, ukageuka, ukaanza kupepea kuelekea kwenye gari. "Bado!" alijibu. "Nisubirini!"

"Nisubirini!" akapaza Kasuku.

Pua akainua tena ile jenereta, akauvuta waya, akazunguka nayo hadi upande mwingine wa gari. Akachomeka fimbo upya, akasimama kuutazama utepe mpaka ukanyooka vizuri kuelekea uwanja mtupu. Ndipo akajibu.